Simu Mpya Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kuianza, Kuilinda na Kuitumia Mombasa

Watu wengi wakinunua simu mpya huitia laini, wakafungua WhatsApp, wakapiga picha mbili tatu, basi. Mambo ya kufuli, akaunti na nakala huachwa mpaka kesho, na kesho yenyewe huja simu ikiwa imeshanyakuliwa stejini au imeingia maji. Mwongozo huu umepangwa kwa swali moja: simu hii ikitoweka leo jioni, utapoteza nini? Tukimaliza, jibu liwe chuma na kioo tu. Pesa, majina ya watu, picha za wanao na heshima yako vibaki salama.

Nimeuandika kwa simu za Android, kwa kuwa ndizo zilizojaa mikononi mwa watu hapa kwetu, na majina ya menyu nimeyaweka kama yanavyosomeka simu ikiwa kwa Kiswahili. Kampuni hutofautiana kidogo. Usipokiona unachokitafuta, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Dukani, kabla pesa hazijatoka

Uwe unanunua Digo Road, Moi Avenue au katika maduka makubwa ya Nyali, usione haya kumsimamisha muuzaji kwa robo saa. Pesa ni zako.

Ikate sili mwenyewe. Washa simu, fungua sehemu ya kupigia, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho wa simu yako. Ilinganishe na ile iliyobandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata kwa moja, rudisha simu kaunta na uondoke. Zikilingana, hakikisha namba hiyo imeandikwa kwenye risiti, na risiti ina muhuri wa duka. Kisha ipige picha stika ya boksi na kumtumia mtu wa nyumbani. Namba hii utaihitaji siku ambayo simu yenyewe huna, kwa hivyo kuihifadhi ndani ya simu hiyo hiyo hakutakufaa.

Sasa ijaribu. Fungua picha nyeupe tupu ijaze kioo, utafute madoa au mistari. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole, uiburute taratibu kutoka pembe hadi pembe. Ikikuponyoka mahali palepale kila mara, hapo kioo hakihisi. Pandisha mwangaza mpaka mwisho, utoke mlangoni juani. Jua la Mombasa la saa saba ndilo mwamuzi: kuna vioo vinavyong'ara chini ya taa za duka, ukifika nje huoni hata jina la anayekupigia. Pigia mtu, umuulize kama anakusikia vizuri. Chomeka chaja iliyomo kwenye boksi, uone inachaji kweli.

Halafu nenda Mipangilio, Kuhusu simu, usome ukubwa wa hifadhi na wa RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia inapofanya kazi. Hapa watu huchezewa. Stika ikisema RAM ni 16GB, mara nyingi nusu yake ni ya kuazima kutoka kwenye hifadhi. RAM halisi ni 8GB. Kuazima huko kunasaidia kidogo tu, kwa hivyo bei uipime kwa ile halisi. Kwa matumizi ya kawaida ya WhatsApp, M-Pesa, video na picha, mimi ningechukua RAM halisi ya 4GB na hifadhi ya 128GB kuliko kamera yenye sifa ndefu na hifadhi ndogo. Hifadhi ikijaa simu huwa nzito, na hujaa upesi kuliko unavyodhani.

Ukinunua simu iliyotumika, sharti ni moja, na usilegeze: mwenyewe aondoe akaunti yake, aifute simu yote mbele yako, kisha simu iwashwe upya mpaka ifike ukurasa wa kwanza bila kudai akaunti ya mtu. Ikidai, hiyo simu ina mwenyewe mwingine.

Na simu za kulipia kidogo kidogo: piga hesabu ya jumla yote mpaka malipo ya mwisho, uilinganishe na bei ya taslimu. Pia ujue kwamba ukichelewesha malipo simu hujifunga yenyewe, na pesa zako za M-Pesa unazihitaji siku hiyo hiyo.

Akaunti iwe yako, asikufungulie mtu

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa nalishuhudia kila mara kwa akina mama na wazee wetu. Mtu ananunua simu, kijana wa dukani anamwambia, "Lete mama, nikuwekee kila kitu." Dakika tano, akaunti ya Google imefunguliwa, neno la siri analijua kijana peke yake, na mama hajui hata kama ana akaunti. Miezi inapita. Siku simu inagoma na kufutwa, inadai ile akaunti na lile neno la siri. Hakuna anayelikumbuka. Simu nzima inageuka jiwe, na picha zote zilizohifadhiwa kule hazipatikani tena.

Mshukuru kijana, uende nyumbani, ukae chini, uifungue mwenyewe au na mwanao. Kama ulikuwa na akaunti kwenye simu ya zamani, ingia na hiyo hiyo, usifungue mpya. Neno la siri liwe refu, maneno matatu au manne yasiyohusiana, na uliandike kwenye daftari linalokaa kabatini. Weka namba ya simu ya kurejeshea akaunti, na ikiwezekana iwe pia na barua pepe ya mtu unayemwamini.

Baada ya hapo hamisha majina. Waliotoka kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, kwa kawaida majina yao yako kwenye laini. Fungua orodha ya majina, tafuta kuingiza kutoka kwenye laini, uchague akaunti ya Google kuwa ndiyo mahali pa kuhifadhi. Tangu hapo laini ikipotea, majina hayapotei. Washa na nakala ya picha. Google hukupa 15GB bila malipo, na humo picha, barua pepe na nakala ya WhatsApp hugawana nafasi, kwa hivyo video za harusi zilizotumwa na kila shangazi usizihifadhi zote.

Kufuli tatu

Ya kwanza ni ya kioo. Weka PIN ya tarakimu sita, kisha alama ya kidole kwa wepesi. Mwaka wa kuzaliwa usiutumie, na isifanane na ya M-Pesa. Mchoro wa kuunganisha nukta siupendi: anayekaa nyuma yako kwenye matatu huuona mara moja akaukariri, na mafuta ya kidole huacha njia yake kwenye kioo.

Ya pili watu hawaijui: kufuli ya laini yenyewe. Mwizi akikuta simu imefungwa, huichomoa laini akaitia kwenye simu yake. Sasa jumbe zako zote zenye namba za kuthibitisha zinamfikia yeye. Ukiwa umefunga laini kwa PIN, simu yoyote itakayotiwa laini hiyo itaidai kwanza. Akikosea mara tatu laini inajifunga mpaka ipatikane PUK, namba ya kuifungulia inayotoka kwa watoa huduma. Kuifunga, nenda Mipangilio, Usalama, halafu sehemu ya kufunga SIM. Ila tahadhari: utaulizwa PIN ya sasa ya laini, ambayo huja kwenye kile kipande cha plastiki laini ilipotoka. Kama huna, waulize watoa huduma wako. Usibahatishe, kwa sababu hata wewe ukikosea mara tatu utafungiwa.

Ya tatu ni arifa. Ficha maandishi ya jumbe wakati kioo kimefungwa. Vinginevyo namba ya siri iliyotumwa na benki husomeka juu ya kioo bila mtu kufungua chochote.

Wenye laini za Safaricom wabonyeze *106# kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ukikuta namba usiyoijua, iripoti. Kisha *100*100# kuzuia namba yako isihamishiwe kwenye laini nyingine kwa wakala bila wewe kufika mwenyewe.

Pesa

M-Pesa ilianza 2007 kwa simu ndogo za vitufe, na mpaka leo *334# inafanya kazi hata bila bando. Kwenye simu mpya unaweza kuweka programu yake, ni nyepesi na hukuonyesha matumizi yako, lakini ichukue Play Store peke yake. Kiungo ulichotumiwa na mtu usikifungue. Ukishaiweka, badilisha PIN kama kuna mtu yeyote amewahi kuijua, awe wakala, mwanao au mpangaji mwenzio.

Unapotuma, jina la mpokeaji hutokea kabla pesa hazijaenda. Lisome. Ni sekunde chache, na watu wengi hubonyeza mbele bila kulitazama. Ukikosea namba, mara moja uelekeze ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456. Wahi, maana aliyezipokea akishazitoa kazi huwa ngumu.

Sasa tuutazame kwa karibu ujumbe wa matapeli. Unaingia ukiwa umeandikwa vilevile: msimbo, kiasi, jina, tarehe, salio. Ukikimbiza macho huoni tofauti. Kisha simu inalia, sauti ya mtu aliyebabaika: "Ndugu yangu, nimekosea namba, hizo zilikuwa za dawa za mama, nirudishie tafadhali." Fanya mambo mawili. Tazama juu kabisa ujumbe umetoka kwa nani: wa kweli hutoka kwa MPESA, wa uongo hutoka kwa namba ya kawaida ya simu. Pili, angalia salio lako mwenyewe kwa *334#, usiliamini lililoandikwa kwenye ujumbe. Na hata kama pesa zimeingia kweli, usizitume wewe. Mwambie aombe zirudishwe kupitia mtoa huduma wake. Mkweli atakubali, tapeli atakutukana.

Safaricom huwapigia wateja kutoka 0722 000 000. Anayekupigia kwa namba nyingine akijiita wa huduma kwa wateja, akikutaka ubonyeze hiki na kile, kata. Jumbe za utapeli zielekeze kwa 333.

Hifadhi pia namba za malipo unazozitumia kila mwezi, usizitafute mtandaoni kila mara ukaangukia za uongo: stima ya tokeni ni 888880, ya bili ni 888888, na huduma za serikali za eCitizen ni 222222.

Programu za mikopo zinahitaji neno. Benki Kuu ya Kenya hutoa orodha ya wakopeshaji wa kidijitali iliyowapa leseni, itafute kwanza. Programu ya mkopo inayodai kusoma majina ya watu wako ina sababu: siku umechelewa, itampigia mkweo. Inyime ruhusa, au afadhali uifute kabisa.

WhatsApp

Kitu cha kwanza ni uthibitishaji wa hatua mbili: Mipangilio, Akaunti, weka PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe. Bila hiyo, mtu akiipata namba ya kuthibitisha iliyotumwa kwako, anaingia kwenye WhatsApp yako na kuanza kuomba pesa kwenye kikundi cha ukoo kwa jina lako. Namba hiyo hupatikana kwa njia rahisi mno: rafiki ambaye tayari ameibiwa "anakuandikia" kwamba amekutumia namba kwa bahati mbaya, umsomee. Usimsomee mtu, hata awe nani.

Kisha zima upakuaji wa picha na video wenyewe kwa wenyewe. Vikundi vya harusi, vya mtaa, vya madrasa, vya chama: kwa wiki moja vinaweza kumaliza bando na kujaza hifadhi. Kwenye faragha, weka watu unaowajua tu ndio waweze kukutia kwenye kikundi. Nakala ya mazungumzo iwe ya kila wiki, kwa waifai. Faili lenye mwisho wa .apk likiletwa kama kadi ya mwaliko, lifute bila kulifungua. Kadi ya mwaliko ni picha, haihitaji kusakinishwa.

Bando

Washa Kiokoa Data. Play Store ifanye masasisho kwa waifai tu. Kwenye matumizi ya data, weka onyo na kikomo. Video za YouTube zishushe ubora. Kwenye kioo kidogo tofauti haionekani sana. Hayo yanatosha.

Joto, unyevu na chumvi

Mwongozo wa simu ulioandikwa kwingine hautakwambia haya, na ndiyo yanayoua simu nyingi za Pwani.

Betri ya simu ni ya lithiamu, na adui yake mkubwa ni joto. Msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, chumba chenye bati kinachemka hata usiku. Ukiichaji simu chini ya mto, ikiwa ndani ya kava nene, betri inazeeka kabla ya wakati wake. Vua kava, iweke juu ya meza au sakafu. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya mchanga Jomo Kenyatta Beach. Ikikuandikia kuwa imepata moto, izime na uiweke kivulini. Friji usiitumie, kwa sababu simu baridi ikirudi kwenye hewa yetu yenye unyevu hutoa jasho kwa ndani. Kwa kawaida, chaji kati ya asilimia 20 na 80 inaipa betri maisha marefu kuliko kuiachia ifike sifuri kila siku.

Stima ikikatika, chomoa chaja. Ikirudi hurudi kwa kishindo, na chaja ya bei ya chini haina kinga.

Maji sasa. Simu yenye alama ya IP67 imepimwa kwenye maji matamu, kina cha mita moja, kwa nusu saa. Maji ya bahari si hayo. Chumvi hupitisha umeme na hula shaba upesi. Ikianguka ukipanda feri Likoni au ukipiga picha Mama Ngina, izime papo hapo, toa laini, ifute, na usiichaji kwa kishawishi chochote. Mchele uache jikoni: hautoi chumvi iliyomo ndani, na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaja. Simu iliyokunywa maji ya bahari ifike kwa fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha. Kungoja "ikauke kwanza" ndiko kunakoiua.

Tundu la chaja hukusanya mchanga na nyuzi za mfuko. Waya ukianza kulegea, zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao taratibu. Sindano usiitie.

Njiani

Kwenye matatu, anayekaa dirishani asishike simu gari likisimama. Kwenye tuktuk, simu iwe upande wa ndani. Ukitaka kupiga simu mjini, ingia dukani au usimame mgongo ukiwa ukutani. Kutembea kando ya barabara simu ikiwa sikioni ndiyo nafasi anayoingoja aliyepakiwa kwenye boda. Washa kufuli ya kugundua wizi, ambayo Google iliileta mwaka 2024 kwa simu za Android 10 kwenda juu: simu ikihisi imenyakuliwa na mtu kukimbia, hujifunga kioo. Ipo Mipangilio, Google, kwenye sehemu ya kinga ya wizi.

Na kwa wanaosali, weka ratiba ya Usinisumbue Ijumaa mchana. Simu itanyamaza yenyewe na kuamka yenyewe, na ukiruhusu namba ya nyumbani, itaita hiyo tu.

Ikiibwa au ikipotea

Fuata utaratibu huu, kwa haraka. Kwanza laini: kwa simu ya mtu mwingine, wapigie watoa huduma wako waifunge laini na M-Pesa. Simu yenyewe baadaye. Pili, fungua android.com/find kwa akaunti yako, uifunge au uifute kwa mbali. Ramani ikikuonyesha nyumba fulani, usiende wewe wala vijana wa mtaani. Ipeleke hiyo ramani polisi. Tatu, ripoti kituoni ukiwa na IMEI na risiti, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nne, nenda na kitambulisho ukapate laini mpya yenye namba ile ile. Tano, ukishaiwasha, ingia WhatsApp mara moja ili kumtoa aliyeingia, na ubadilishe neno la siri la Google na PIN ya M-Pesa. Uwajulishe jamaa kwenye vikundi wasitume pesa kwa jumbe zako za siku hiyo.

Simu ya zamani

Mara nyingi huenda kwa mama au bibi. Hakikisha kwanza nakala zote zimefika kwenye simu mpya, kisha ondoa akaunti yako, halafu ufute data yote kutoka Mipangilio. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, inaweza kumdai mama neno lako la siri. Mfungulie akaunti yake mwenyewe. Ukimwekea yako, picha zako zitamfikia na zake zitakufikia. Kuza maandishi, weka lugha ya Kiswahili, tandaza nyuso za wanawe kwenye ukurasa wa kwanza ili apige kwa kugusa picha, na mwonyeshe jinsi ya kushikilia alama ya maikrofoni akatuma sauti. Afanye yeye kwa kidole chake, wewe ukitazama, mpaka sauti ya kwanza ikufikie.